Mita ya Mjomba, Jina la Mama

Pale mtaani hakuna aliyemwita msichana yule kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Kiroboto, kwa sababu hakuwahi kutulia mahali pamoja kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Akiambiwa aketi, mguu mmoja ulibaki umesimama. Mwalimu wake alikwisha kusema kwamba dawati la Kiroboto lingekuwa na mdomo, lingeomba uhamisho.

Kila asubuhi kabla ya shule kazi zake zilikuwa zile zile. Kwanza alipitisha sumaku sakafuni kuokota pini, maana mama yake alikuwa fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Kisha alifagia vipande vya vitambaa, halafu akatoka uani kujaza ndoo. Hapo ndipo alipopapenda. Karibu na bomba palikuwa na mita ya maji, na ndani ya kioo chake mlikuwa na nyota ndogo nyekundu. Ukifungua bomba, nyota inazunguka. Ukifunga, inasimama. Kiroboto angeweza kufungua na kufunga mpaka mama yake amkumbushe kutoka ndani kwamba maji si mchezo.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa taratibu zake. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na alama. Ndani ya kola, au kwenye mkanda wa sketi mahali pasipoonekana, alipitisha mishono michache ya uzi wa kijani. Mteja akirudi analalamika kwamba nguo imefumuka, mama hakubishana naye. Aligeuza kola tu. Akiukuta uzi wake, alirekebisha bure. Asipoukuta, aliirudisha nguo kwa heshima na kusema kwamba ile si kazi yake. Siku moja fundi mmoja mwenye kazi mbovu alimwomba amwekee uzi ule kwenye mashati yake ili yapate wanunuzi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na jibu likawa hapana.

Kwa hiyo inashangaza kwamba mwanamke wa namna hiyo alinaswa. Lakini aliyemnasa hakuwa mteja wala fundi mwenzake. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mjomba wa Kiroboto.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na ya mjomba yangemfanya nyoka huyo aombe radhi kwa kuchelewa kutoka. Alikuwa amekodi kiwanja kidogo ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yao, akitaka kufungua mahali pa kuosha magari. Mashine ya kurushia maji alikuwa nayo, sabuni anayo, hata kibao alikwisha kukichora. Alichokosa ni maji. Mamlaka ya maji ilikataa kumpa mita, kwa sababu kule alikooshea magari zamani alikatiwa maji kwa kuchezea bomba. Yeye alidai amesingiziwa.

Alikuja siku ya mapumziko, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akamsifia mama kazi yake kwanza. Kiroboto alikuwa mlangoni, akiruka kamba.

"Jina lako tu, dada," mjomba alisema. "Wewe uandikishe mita, mimi nitumie, na bili nitalipa mwenyewe. Ukiniazima sufuria, inaweza kurudi imetoboka. Jina halipungui likiazimwa. Litarudi kama lilivyo."

Mama alikanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha. Alimpenda sana mdogo wake huyo, ambaye tangu utotoni alikuwa mtu wa kuanzisha mambo na kuyaacha nusu, na aliona huruma kumwangusha tena. Mwishowe alisema kwamba damu ni nzito kuliko maji, akainuka kwenda kutafuta kitambulisho chake.

Walikwenda ofisini yeye na Kiroboto, maana njiani walikuwa na sare za kumpelekea mteja. Karani wa dirishani aliuliza maswali yake bila kuinua macho, mpaka alipofika kwenye swali moja. Hapo alimtazama mama usoni.

"Mita hii utaitumia wewe mwenyewe?"

Mama alisita. Kiroboto alimwona akiivuta kamba ya mkoba wake.

"Ndiyo. Mimi mwenyewe."

Karani alimweleza kwamba lolote litakalotokea kwenye mita ile, atakayeulizwa ni yeye. Kisha alimwonyesha pa kutia sahihi. Mama alitia sahihi haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi.

Walipotoka nje Kiroboto aliuliza kama ule haukuwa uongo. Aliambiwa kwamba mambo ya wakubwa hayapimwi kwa rula ya shule, na atembee vizuri asije akaangusha sare za watu. Akazishika sare vizuri. Lakini jambo lile lilibaki linamchoma, kama pini iliyosahaulika ndani ya nguo mpya.

Biashara ya mjomba ilishika. Magari yalipanga foleni, povu likatiririka mpaka mtaroni, na mjomba akawa anapiga mluzi kutwa nzima. Kila alipotoka shule Kiroboto alipitia pale, akawa anarukia mapovu na kuuliza kila dereva alikotoka. Na kwa kuwa alikuwa Kiroboto, haikupita muda kabla hajakwenda kuchungulia mita ya pale.

Nyota ilikuwa imesimama.

Aligeuka akatazama. Maji yalikuwa yakiruka kwa nguvu kutoka kwenye mpira, gari zima limefunikwa povu. Akakigonga kioo cha mita kwa kucha. Nyota haikutikisika. Akaanza kuufuata mpira wa mashine kinyumenyume, akapita pampu, akafika kwenye gunia lililotandazwa kando ya mtaro. Alipoliinua, aliona bomba jeusi likitoka ardhini mbali na mita, limepita ndani ya mtaro wenye maji machafu, na mahali lilipounganishwa limefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

"Mjomba, nyota imekufa," Kiroboto alisema, mjomba alipomkaribia.

"Haijafa, imelala." Mjomba alicheka, akalirudisha gunia mahali pake kwa mguu. Alimweleza kwamba lile ni bomba la akiba, mambo ya mafundi, na kwamba mama ana kazi nyingi, hakuna haja ya kumjaza kichwa. Kisha akampa soda. Ilikuwa ya baridi, lakini haikushuka vizuri.

Tangu siku ile Kiroboto hakuwa na raha. Zamani alirukaruka kwa furaha, sasa alirukaruka kwa wasiwasi, na ni tofauti kubwa ingawa kwa mtazamaji yote ni kuruka. Nyumbani alianza, "Mama," na mama alipoitika, alijikuta anauliza habari za vifungo. Alijiambia kwamba akisema, mama na mdogo wake watagombana, na mjomba atafunga kazi, na kosa litakuwa lake. Asiposema, mambo yatabaki kama yalivyo. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu jambo bovu halibaki kama lilivyo.

Maji ya mtaa yalianza kupungua nguvu. Kisha yakaja na rangi, halafu na harufu. Darasani madawati yakaanza kuwa wazi, na mojawapo lilikuwa nusu ya dawati lake mwenyewe. Jirani yake wa kuketi, mvulana mpole waliyemwita Kobe, alilazwa kwa kuhara na kutapika. Muuguzi alikuja shuleni akawaonya watoto wasinywe maji yasiyochemshwa, kwa sababu inaonekana uchafu umeingia kwenye bomba la mtaa mahali fulani. Mahali fulani. Kiroboto alipajua mahali hapo, na miguu yake ilikataa kabisa kukaa chini ya dawati.

Kengele ilipolia alikimbia moja kwa moja nyumbani kwenda kusema yote. Alichelewa. Gari la mamlaka ya maji lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, na watu walikwisha kujaa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira, amekuja na mafundi bomba wawili. Walikuwa wameliondoa gunia na kuchimba. Mmoja wao alimwonyesha jinsi bomba lilivyochepushwa kabla ya kufika kwenye mita, na jinsi kiungo kilivyolegea. Maji ya mamlaka yanapopungua nguvu, pampu inavuta kilichomo mtaroni, na hicho kinaingia kwenye bomba la mtaa mzima. Mkaguzi alisikiliza, akauliza mwenye mita ni nani.

Mjomba alijifuta mikono kwa kitambaa. Akatazama ng'ambo ya barabara.

"Mita ni ya dada yangu, yule fundi cherehani," alisema. "Mimi hapa naosha magari tu."

Mama alikuwa amekwisha kutoka nje, na tepu ya kupimia ingali shingoni. Aliyasikia yote. Kiroboto hakuwahi kumwona mama yake akitazamwa vile na watu, na alitamani ardhi immeze yeye kwanza. Mkaguzi alimuuliza kama jina la kwenye mkataba ni lake. Alikubali. Akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba kuiba maji na kuchafua maji ya watu ni mambo ya mahakamani, na kwamba kesho asubuhi afike ofisini kujieleza, la sivyo watakaokuja watakuwa polisi. Maji ya nyumbani kwake nayo yakafungwa. Mteja wake wa siku nyingi, ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa, alimsogelea na kusema neno moja tu, kwamba kumbe ni yeye aliyekuwa akiwanywesha mtaro.

Jioni ile mama aliketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Kiroboto alimweleza habari ya nyota, gunia na soda, huku akilia na kuzunguka chumba. Alitegemea kuchapwa kwa kuficha. Mama hakumgusa.

"Na mimi niliulizwa nikasema nitatumia mwenyewe," alisema. "Kesho sitamtaja mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Nikimtaja watamfunga. Marehemu bibi yako alimwacha mikononi mwangu."

Kiroboto aliuliza nani atafungwa kama hatatajwa mtu. Mama alizima taa, na usiku ule haukuwa mzuri.

Asubuhi mama alivaa gauni lake la heshima, akamwambia aende shule, akaondoka. Kiroboto alichukua mkoba wa vitabu na kweli alianza safari ya shule. Ila miguu yake ilivuka barabara. Alimkuta mjomba akikunja mipira ya maji na kuipanga kwenye toroli, uso umempauka kama mtu aliyekesha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

"Inama."

Mjomba aliinama, pengine kwa mshangao tu. Kiroboto aliishika kola ya shati lake na kuigeuza. Uzi wa kijani ulikuwa pale, kwa sababu shati lile lilishonwa na mama, kama nguo zake zote.

"Mama hauweki uzi huu kwenye kazi ya mtu mwingine," alisema. Hakuiachia kola. "Hajawahi. Lakini wewe alikupa jina lake zima. Sasa hivi amekwenda kujibu kazi ambayo hakuifanya, na amesema hatakutaja."

"Amesema hatanitaja?"

"Ndiyo. Ila mimi nakwenda kusema. Nitasema yako, na nitasema na ya mama, kwamba alidanganya pale dirishani. Ni bora useme mwenyewe."

Mtu yule wa maneno matamu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpira wa maji ungali mkononi. Kiroboto hakumngoja. Alikwisha kuanza kukimbia.

Ofisini aliulizia chumba, akabisha hodi huku anahema. Mama alikuwa ameketi mbele ya meza, mkaguzi upande mmoja, na upande wa pili mwanasheria wa mamlaka, mzee mwembamba aliyezungumza polepole. Mama alikuwa amejibu kila swali kwa kusema hajui. Kiroboto aliomba ruhusa ya kuzungumza, akasimama katikati ya chumba na sare yake ya shule, akaeleza jinsi nyota ilivyosimama huku maji yakiruka. Sehemu iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilimhusu mtu anayempenda kuliko wote.

"Na mama aliposema atatumia mwenyewe, haikuwa kweli. Nilikuwepo."

Mama aliinua kichwa, akamtazama binti yake, na machozi yakamtoka.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Nilimwazima mtu jina langu."

Mwanasheria alivua miwani. Hakugomba, na pengine angegomba ingekuwa nafuu.

"Hapa kuna makosa mawili, mama. La bomba, na la jibu ulilotoa. Hata kama bomba lingekuwa zima, hilo la pili ni lako, na sheria inaweza kukushitaki kwa hilo peke yake. Mkataba haujui dada wala kaka. Unamjua aliyetia sahihi. Bili isipolipwa tunamfuata yeye. Maji yakiibiwa tunamfuata yeye. Watoto wakiugua tunamfuata yeye, hata kama siku hiyo alikuwa kwake anashona."

Mama aliuliza kama kulikuwa na njia nyingine ya kumsaidia ndugu yake. Akajibiwa kwamba ilikuwepo. Angekuja naye palepale, mwenye kosa la zamani akaeleza kosa lake, akapewa masharti na mita yenye jina lake mwenyewe. Wengi wanakuja na wanasaidiwa. Alikuwa bado anaeleza hivyo mlango ulipogongwa tena. Alikuwa mjomba, buti zake zingali zimelowa.

"Bomba nilichepusha mimi," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Dada hakujua. Na jana niliposema mita ni yake, nilisema kwa woga."

Mambo hayakuisha kwa kupeana mikono. Mjomba alipelekwa polisi na baadaye mahakamani, akatozwa faini na kuamriwa kugharamia bomba jipya la mtaa. Ilibidi auze mashine yake, na siku hizi anaosha magari ya watu kwenye kiwanja cha mtu mwingine, kama mfanyakazi wa kweli. Mama hakushitakiwa, kwa kuwa alikubali kosa lake na ikathibitika kwamba hakulijua bomba. Lakini mkataba wake ulivunjwa, akapewa onyo kali, na sehemu ya gharama za kusafisha bomba ilikuwa juu yake. Maji ya nyumbani yalichelewa kufunguliwa, na Kiroboto alichota ndoo mtaa wa pili mpaka akajuta kila tone alilowahi kuchezea.

Jambo ambalo hakuna aliyemwamuru mama kulifanya alilifanya mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akaanzia kwa kina Kobe. Kobe alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekonda lakini yu mzima. Shuleni alirudi wiki iliyofuata, akachelewa kama kawaida yake, na Kiroboto alimwachia sehemu kubwa ya dawati bila kuombwa.

Siku maji yaliporudi, mjomba alikuja kuwatembelea. Aliketi kwenye kigoda kile kile, safari hii hakusifia kitu. Alisema anaona haya kwa yale maneno kwamba jina halipungui likiazimwa.

"Kweli halikupungua," mama alijibu. "Limerudi lote, na kazi yako yote limekuja nayo." Alimwongezea chai, maana hasira ilikuwa imekwisha na ndugu ni ndugu. Kisha akamgeukia Kiroboto, aliyekuwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akiwa na shida, msaidie kwa mikono yako, au kwa muda wako. Mpeleke hata ofisini umsemee. Lakini usimpe jina lako akalifanyie kazi usiyoiona, awe rafiki, awe ndugu yako wa damu. Siku ya maswali utasimama wewe. Na ukiona mtu anakosea, hata kama ni mimi, usingoje mpaka Kobe alazwe."

"Ndiyo, mama."

Mama alifungua droo ya cherehani, akatoa kibiringo cha uzi wa kijani na sindano, akavisukuma upande wa binti yake. Kwa siku kadhaa Kiroboto alikuwa akishona mkoba mpya wa vitabu kwa mikono yake mwenyewe, na sasa ulikuwa umekamilika. Hakuwahi kuruhusiwa kuugusa uzi ule. Alitunga sindano kwa furaha, akaufungua mkoba kutafuta mahali pa kuweka alama, kisha akasita. Mshono wa chini ulikuwa umepinda, na pembeni palikuwa na mahali alipolipua kazi akitaka kuwahi kucheza.

"Mama, nikishaweka uzi huu, halafu mkoba ukafumuka?"

"Tutakuja kwako."

Kiroboto aliutazama mkoba, akautazama uzi. Akairudisha sindano mezani, akachukua mkasi, akaufumua mshono wote wa chini. Kisha aliketi kwenye kigoda, miguu yote miwili chini, akaanza upya.